Barabara Iliyo Barabara

Lugha yetu ina utani wake. Neno barabara lina maana mbili. Kuna barabara ya lami, yenye magari na moshi, na kuna barabara ya kusifu jambo lililokaa sawasawa, lisilo na kasoro. Aliyeziunganisha maana hizo mbili katika neno moja bila shaka hakuwahi kuvuka Nairobi saa kumi na mbili za asubuhi.

Najua utasema, msomaji mwenzangu: huyu naye! Kurasa hizi ni za hadithi na mashairi, mambo ya barabara si angewaachia mainjinia? Subiri kidogo. Ni kweli, mimi nimeishia kidato cha nne, sina shahada ya ujenzi wala ya kitu kingine. Lakini mimi hutembea. Na mtembezi wa Nairobi ana shahada yake, ambayo hutunukiwa kila jioni akifika nyumbani na miguu yake yote miwili.

Naishi katika mtaa mmoja ulio pembeni mwa Barabara ya Thika, kati ya Roysambu na Kahawa. Kazi yangu iko Luthuli Avenue, katika duka la redio na spika, ambako huchomea waya zilizokatika na, mteja akikosekana, huandika riwaya yangu juu ya kaunta. Kwa hivyo kila siku naamkia kwenye barabara iliyopanuliwa na kushinda kwenye barabara iliyopunguzwa. Si wengi waliojaliwa nafasi kama hiyo ya kulinganisha, nami nimeona nisikae nayo peke yangu.

Nianze na ile iliyopanuliwa. Ujenzi wake ulianza mwaka 2009, nikiwa shule ya msingi. Kwetu sisi watoto ilikuwa sinema ya bure. Tulikaa juu ya vifusi tukayatazama matingatinga yakila udongo, tukabishana ni lipi lenye nguvu zaidi. Tarehe 9 Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki akaja kuifungua rasmi. Ilikuwa kama kilomita 50 kutoka mjini hadi Thika, na katika sehemu yetu zilikuwa leni kadhaa za kwenda na kadhaa za kurudi, ukiacha zile barabara za kando. (Leni ni ile njia ya gari moja baina ya mistari. Niruhusu nitumie neno la madereva.) Tulijivuna, bwana. Watu walivaa nguo za Jumapili wakaenda kupigwa picha juu ya daraja la miguu, nyuma yao magari yakipita kama mishale.

Sitaitukana barabara hiyo. Nimepanda matatu nikafika mjini kabla sijamaliza ukurasa wa pili wa kitabu, na mgonjwa wa Thika hafi tena njiani akingoja lori la mbele lisogee. Lakini upana una bei yake, na anayeilipa si mwenye gari. Mama yangu huuza sukuma wiki na nyanya ng'ambo ya pili. Zamani ng'ambo ilikuwa ng'ambo tu. Siku hizi ni safari. Atembee hadi darajani, apande, avuke, ashuke, arudi umbali ule ule upande wa pili, na gunia liko mgongoni. Siku moja nilimwambia, "Mama, hata ukichelewa, pitia daraja." Akanijibu, "Mwanangu, daraja napitia. Lakini siku mvua inyeshe na giza liingie, na magoti haya yakatae ngazi, nani atanibeba?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, kila akichelewa jioni mimi hutoka nje kusikiliza.

Lakini aliyenifanya nishike kalamu si mama. Ni rafiki yangu tuliyekalia dawati moja shuleni miaka minne, tukabadilishana riwaya hadi zikatoka majalada. Tulipomaliza mtihani mimi nikapata kazi ya duka, yeye akapata mkokoteni. Alikuwa akichukua kabeji na viazi katika Soko la Wakulima, ambalo sisi huliita Marikiti. Alfajiri moja ya mwaka 2021 alikuwa akivuka barabara kubwa iliyo karibu na soko hilo, leni mbili kila upande. Lori lililokuwa leni ya karibu likasimama. Dereva wake, mtu mwenye utu, akampungia mkono: pita, kijana. Naye akapita. Matatu iliyokuwa nyuma ikaona lori limesimama, ikadhani limeharibika au linashusha mzigo, ikachomoka na leni ya pili ili ilipite. Lori lilikuwa limemficha. Hakumwona dereva wa matatu, wala dereva hakumwona yeye.

Yaani, aliuawa na hisani ya mmoja pamoja na haraka ya mwingine. Nimeizungusha sentensi hiyo kichwani kwa miaka, na bado ni ya kweli.

Nilijaribu kuitia habari hiyo katika riwaya yangu. Sisi vijana tunaoandika tuna kikundi chetu kidogo, tunakutana Jumamosi na kusomeana. Nikawasomea sura ile. Walinyamaza kwa heshima, kisha mmoja akauliza, "Sawa, lakini muuaji ni nani?" Nikasema ni dereva wa matatu. Akaniambia, "Dereva huyu hatumjui. Hakuwa na kisa naye. Muuaji wa hadithi lazima awe ametayarishwa tangu mwanzo." Niliondoka na maneno hayo. Kila nilipovuka barabara nilikuwa nikimtafuta muuaji wangu aliyetayarishwa tangu mwanzo. Nikampata chini ya miguu yangu: ile leni ya pili.

Hebu tufikiri pamoja, msomaji. Penye leni moja, dereva mpole ndiye anayeongoza msafara. Aliye nyuma yake, awe na haraka ya harusi au ya wizi, hana budi kumfuata. Mpole akisimama ili mama avuke, wote wamesimama. Penye leni mbili mambo hugeuka. Mpole sasa ni kizuizi cha kupitwa, na mwendo wa barabara nzima huwekwa na mwenye wazimu kuliko wote. Akisimama kwa ajili yako, hajakulinda. Amekuwa pazia tu la kukuficha na yule anayekuja. Tunawalaumu madereva, na wapo wa kulaumiwa, tena wengi. Lakini barabara ile huwapa wakorofi usukani wa mji mzima, kisha sisi tukashangaa.

Wanaojua hesabu wanieleweshe kama nimepotoka, lakini mimi niliipiga hivi. Leni moja ni kama mita tatu na nusu, kwa hivyo leni nne ni mita 14. Mama yangu akiwa na kikapu huenda kama mita moja kwa sekunde. Nimempima kwa saa ya mkononi bila yeye kujua. Basi katika barabara kama ile ya Marikiti atakuwa mbele ya magari kwa sekunde 14. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata zaidi ya mita 16 kila sekunde. Katika muda ambao mama anavuka, gari hilo limekwenda zaidi ya mita 230. Maana yake ni kwamba gari litakalomkuta katikati ni lile ambalo hakuliona kabisa aliponyanyua mguu. Ndiyo maana husemwa juu ya maiti ya barabarani, "Aliruka tu mbele ya gari." Hakuruka. Alianza safari gari likiwa halipo.

Na kasi si jambo la mchezo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo wa gari ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa, hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa hupanda zaidi ya mara nne. Nyongeza ya kilomita 15 dereva haihisi hata kwenye makalio. Kwa anayevuka ndiyo tofauti ya kwenda hospitali na kwenda kaburini. Hapa Kenya, mamlaka inayosimamia usalama barabarani imeripoti vifo zaidi ya 4,000 kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024, na kundi kubwa kuliko yote katika vifo hivyo ni waenda kwa miguu. Ni sisi hao, wasio na bima, wasio na honi.

Dawa yake ni nini? Wengi watasema matuta. Wengine watasema askari. Wengine watasema tuwafundishe watembeaji kuangalia kulia na kushoto, kana kwamba hatuna macho. Mimi nasema leni zipunguzwe.

Usicheke. Hili silo wazo la kijana wa duka la redio. Huko Marekani, katika mji wa Billings, jimbo la Montana, walilijaribu mwaka 1979. Barabara ya leni nne waliifanya ya leni tatu: moja ya kwenda, moja ya kurudi, na ya katikati kwa magari yanayotaka kukata kona. Ajali zilipungua, na magari hayakucheleweshwa kwa kiasi cha kutajika. Mwaka 2002 mji wa Orlando ulifanya vivyo hivyo katika barabara iitwayo Edgewater Drive, na ajali zikashuka kwa asilimia 34. Idara ya barabara kuu ya nchi hiyo imekusanya mifano mingi, nayo inasema kwamba mageuzi ya namna hiyo hupunguza ajali kwa asilimia 19 hadi 47. Tena hawakuvunja nyumba ya mtu. Mahali pengi kazi ilikuwa kufuta mistari ya zamani na kuchora mipya. Fikiri, rangi tu!

Sababu zake hata mtoto anazielewa. Kwanza, mpole anarudishiwa uongozi. Pili, anayesubiri kukata kona hakai tena katikati ya mkondo akingoja kugongwa kutoka nyuma. Tatu, ile leni ya katikati, penye kivuko, inaweza kujengwa kisiwa cha kusimama. Mama atavuka leni moja, atasimama, atapumua, ataangalia upande mmoja tu, kisha atavuka ya pili. Na nne, nafasi iliyobaki pembeni hupewa baiskeli, mkokoteni na miguu, ambavyo leo vinagombea ukingo mmoja na matatu.

"Lakini msongamano!" Nakusikia. Bosi wangu alisema neno hilo hilo mwaka 2019, wakati Luthuli ilipokuwa ikibomolewa.

Tuje Luthuli basi. Barabara hii fupi, inayoshuka kutoka Tom Mboya kwenda River Road, ina jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1960. Lakini nilipoanza kazi hapo mwaka 2018, amani ndicho kitu kilichokosekana kuliko vyote. Magari yalikwenda na kurudi, mengine yameegeshwa kando, matatu zikipiga honi, makanga wakiita abiria, mikokoteni ikipenya, na sisi watu, tuliokuwa wengi kuliko magari yote, tukipita upande upande kama kaa. Ukitaka kumpita mtu aliyesimama kutazama redio dirishani ilibidi ushuke barabarani. Nimewahi kumvuta mteja kwa ukosi wa shati, kioo cha pembeni cha matatu kikapita mahali kilipokuwa kichwa chake.

Ndipo serikali ya kaunti ya Nairobi, ikisaidiana na UN-Habitat, ikaibadilisha. Magari yakapewa upande mmoja tu wa kwenda. Nafasi iliyopatikana ikawa njia pana za miguu, miti ikapandwa, na viti vya kukalia vikawekwa. Wakati wa ujenzi vumbi liliingia hadi ndani ya spika. Bosi wangu alishika kiuno mlangoni akasema, "Wametumaliza. Mteja wa spika kubwa ataibeba kichwani?" Majirani wakamwitikia kama watu wa matanga.

Yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu, siku sita kwa wiki. Mtu aliyekuwa akipita mbio huku amekumbatia mfuko wake sasa hupita polepole, na apitaye polepole husikia muziki. Akisikia huingia, na akiingia huuliza bei. Spika kubwa huchukuliwa na kijana wa mkokoteni hadi gari lilipoegeshwa, na kijana huyo amepata riziki yake. Magari bado hupita, ila hupita kwa mwendo wa watu, kwa kuwa njia yenyewe haiwapi ujanja madereva. Bosi siku hizi habari ya kumalizwa haigusi tena. Ametoa spika mbili nje, akaziweka juu ya ile njia ya miguu aliyoilaani.

Na hapo kuna somo la pili, nisije nikaonekana nauza mbingu. Nafasi ikishatolewa kwa miguu hailindwi na nia njema. Boda boda hupanda juu yake, wachuuzi huitandaza mali, wenye maduka hutoa spika. Leni ikipunguzwa pasiwekwe vigingi vya zege, matatu itaifanya njia ya miguu kuwa leni yake mpya kabla rangi haijakauka. Steji nazo lazima zijengewe mahali pa kuingilia, la sivyo matatu moja ikisimama kupakia itafunga barabara nzima, na wenye magari watakuwa na haki ya kupiga kelele.

Kuhusu msongamano, hebu simama kando ya barabara yoyote ya leni nne hapa mjini uhesabu ni leni ngapi zinazokwenda. Leni ya kushoto imezibwa na matatu inayopakia, mkokoteni, na gari la mtu aliyeingia "dakika moja tu" kununua soda. Leni ya kulia imezibwa na anayesubiri kukata kona. Wanaobaki wanajipinda kushoto, kulia, kushoto, kama nyoka aliyekanyagwa. Leni nne tunazo kwenye ramani, lakini zinazofanya kazi ni mbili, tena kwa ugomvi. Anayepunguza hapo anaondoa ugomvi tu, maana barabara yenyewe ilikuwa imekwisha kupungua.

Si kila barabara inafaa dawa hii. Wamarekani wenyewe husema inafaa zaidi pale ambapo magari hayazidi kama 20,000 kwa siku. Barabara ya Thika huwezi kuigeuza Luthuli. Hata hivyo mwaka 2018 mistari myekundu ilichorwa humo ili leni moja kila upande itengwe kwa mabasi ya mwendo wa haraka. Nilifurahi. Basi moja likijaa huondoa matatu kadhaa, na leni iliyotengewa mabasi haina mashindano ya kupitana. Mabasi hayakuja, magari yakaikanyaga mistari hadi ikafifia. Lakini ile ya Marikiti, na nyingine za namna hiyo zinazopita mbele ya masoko, shule na hospitali, ambako watu wa miguu ni wengi kuliko wa magari, zihesabiwe magari yake. Zinazofaa ziguswe. Tusingoje bajeti ya matingatinga pale ambapo rangi, vigingi na kisiwa kimoja vingetosha kuanzia.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Nafikiri walisema hivyo kwa sababu njia zao zilikuwa nyembamba, na katika njia nyembamba kila mtu huwa mwenda pole. Sisi tumejenga njia ambazo mwenda pole ndiye hugongwa.

Rafiki yangu aliacha riwaya yangu moja kwao, ile aliyokuwa ameniazima. Mama yake alinirudishia baada ya mazishi. Ukurasa wa 88 ulikuwa umekunjwa kona. Sijaukunjua. Katika sura ninayoandika sasa yeye anavuka tena alfajiri ile ile na mkokoteni ule ule, ila barabara ina leni moja kila upande. Lori linasimama, na nyuma yake matatu inapiga honi, makanga anatukana, abiria wanasonya. Lakini inasimama, kwa maana haina pa kupitia. Wenzangu wa Jumamosi watasema sura hiyo haina tukio. Na waseme.

Kalamu naiweka chini hapa. Ni saa mbili usiku, mvua imeanza, na mama bado hajavuka.